Wingi wa Majina katika Kiingereza

Wanafunzi wengi waanzao Kiingereza huuliza: «Mbona wingi wa ‹book›, kitabu, ni ‹books›, lakini wingi wa ‹foot›, mguu, ni ‹feet›? Je, lugha hii haina sheria?» Yafaa tuwajibu, maana adhaniye kwamba lugha haina sheria huvunjika moyo upesi.

Sheria ipo, nayo ni nyepesi. Kiswahili hugeuza kichwa cha neno: kitabu, vitabu, mtu, watu. Kiingereza hugeuza mkia: huongeza herufi s. Nanyi mliosoma Kifaransa, angalieni! Katika Kifaransa s ya wingi kwa kawaida huandikwa tu, haisikiki. Katika Kiingereza hutamkwa. Asiyeitamka ametaja kitu kimoja. Na neno likiisha kwa sauti ya s, sh au ch, huongezwa es, ili sikio lisikie wingi: ‹box›, sanduku, huwa ‹boxes›.

Basi, ‹feet› latoka wapi? Zamani, kabla Kiingereza hakijaandikwa, wingi wa neno hilo ulikuwa na sauti i mwishoni. Sauti hiyo ikaivuta irabu iliyotangulia, kisha yenyewe ikapotea. Ndivyo ‹tooth›, jino, lilivyopata wingi ‹teeth›. Tusiwacheke Waingereza! Kwetu pia wingi wa jino ni meno: ma na ino zilikutana, a na i zikawa e.

Miaka elfu iliyopita hata wingi wa kitabu ulikuwa ‹bec›. Baadaye neno hilo likafuata wenzake wengi. Lakini maneno ya mtu, mwanamke, mguu na jino yameshika desturi ya kale, kwa sababu yasemwayo nyumbani kila siku hayasahauliki. Neno ‹child›, mtoto, limepata hata alama mbili za wingi, moja juu ya nyingine: ‹children›. Na ‹sheep›, kondoo, halibadiliki kabisa, kama kwetu: kondoo mmoja, kondoo kumi.

Ninyi wanafunzi, shikeni sheria ya s, na yale machache ya kale yajifunzeni kwa moyo. Nanyi wazazi na walimu, mtoto akisema ‹foots›, msimcheke. Watoto wa Waingereza wenyewe husema hivyo wakiwa wadogo. Kosa lake laonyesha kwamba sheria ameifahamu. Limebaki neno moja tu la kukumbuka.