Barazani Nako Kuna Darasa

Mwanzoni mwa muhula tulimsindikiza binti yetu chuoni. Jengo lilikuwa jipya, linameremeta. Lakini vipindi vilipokwisha, wanafunzi hawakuwa na hata benchi moja la kukalia. Wachache waliotaka kuendelea na mjadala waliketi ngazini, na mara bawabu akaja kuwaondoa. Tulirejea nyumbani tukijiuliza: je, elimu hukomea mlangoni mwa darasa?

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikwisha kulijibu swali hilo kwa mawe na chokaa. Mbele ya nyumba zao walijenga baraza, na hapo palizungumzwa dini, mashairi, biashara na safari za vyombo. Kijana aliyetumwa kuleta kahawa aliondoka na faida asiyoitarajia.

Ugenini nako upo ushahidi. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, kiliinua haraka jengo la mbao kwa utafiti wa rada. Halikupewa jina, ila nambari: Jengo la 20. Lilikusudiwa kuvunjwa vita vikiisha, likadumu hadi 1998. Kwa kuwa lilihesabiwa la muda tu, waliomo walitoboa kuta walivyohitaji. Korido zake ndefu ziliwakutanisha watu wa fani mbalimbali: wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walifanya kazi chini ya paa moja na wahandisi wa elektroniki. Mwaka 2004 palifunguliwa hapo jengo la Stata, lililobuniwa na Frank Gehry. Chini yake imeachwa njia pana yenye viti na mbao za kuandikia, iitwayo Mtaa wa Wanafunzi.

Basi jambo hili halihitaji fahari. Tunapochangishana kujenga vyuo vyetu, tumwombe mhandisi apanue veranda, ajenge benchi ukutani, na atundike ubao karibu na ngazi. Wala tusiwasahau mabinti. Baraza za zamani aghalabu zilikuwa za wanaume. Wao nao watengewe mahali pa wazi, penye kivuli na heshima, wasome pamoja.

Na bawabu aelezwe mapema kwamba walioketi hapo wamo masomoni.