Kinyonga wa Pembe Tatu

Wanangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia jinsi kifo kilivyoingia duniani, na chanzo chake kilikuwa chakula alichonyimwa mgeni.

Wabukusu, wanaoishi chini ya Mlima Elgon upande wa Kenya, husimulia kwamba hapo zamani watu hawakuwa wakifa. Siku moja mtu mmoja alikuwa ameketi akila. Kinyonga akaja. Akainua mguu, akasita, akautua. Akainua mwingine, akasita tena, mpaka akafika. "Ndugu yangu, nina njaa. Nigawie kidogo." Yule mtu akakataa. Kinyonga akaomba tena na tena, hadi mwenye chakula akapandwa na hasira akamfukuza. Hapo kinyonga akatoa laana: "Mimi naenda zangu, lakini ninyi kuanzia leo mtakufa." Akaenda kwa nyoka, akamkuta naye anakula. Nyoka akamkaribisha, wakala pamoja. Basi kinyonga akambariki: ukizeeka, vua ngozi yako, uishi upya.

Kusini kabisa mwa Afrika, Wazulu husimulia vingine. Kwao Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa, naye akajikokota njiani. Mjusi, aliyetumwa baadaye na habari ya kifo, akamtangulia. Neno lililofika kwanza ndilo lililoshika.

Masimulizi ya namna hii yameenea sana Afrika, na mnyama huyu analipia mpaka leo. Wako wanaomwona wakakimbia, wakisema ni mkosi. Wako wanaookota mawe. Hilo la mawe linaniuma sana.

Hata hivyo nawaheshimu wazee waliotunga hadithi hizo, kwa sababu walimtazama vizuri. Ule mwendo wa kusitasita ni wake kweli, na ndio unaomfanya apite majanini bila kutambuliwa na ndege anayemwinda. Kuhusu ngozi nina neno moja tu: kinyonga mwenyewe huvua ngozi yake kama nyoka, ila yeye huivua vipande kwa vipande. Na huko msituni nyoka wa mitini hamkaribishi mezani. Humla.

Sasa twende tukamtazame wa kwetu. Mto Mubuku unatoka juu kwenye milima ya Rwenzori, hapa Uganda, unapita kwenye bonde lake na kuteremkia Ziwa George. Ukiufuata kwenda juu, ukapita Ibanda mpaka Nyakalengija, unafika pale wapanda mlima wanapoanzia safari ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991. Kwenye miti ya huko yupo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu: moja puani, mbili mbele ya macho. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 30 pamoja na mkia. Jike hana pembe. Madume wawili wakikutana kwenye tawi moja husukumana kwa pembe hizo hadi mmoja ashindwe au aanguke.

Wakonzo wa milimani walimjua kabla ya mgeni yeyote. Mwaka 1900, Harry Johnston, aliyekuwa akiisimamia Uganda kwa niaba ya Uingereza, alipanda bonde hilihili la Mubuku. Mwaka uliofuata mtaalamu wa makumbusho ya London, George Boulenger, akamwandika kinyonga huyu katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la Johnston.

Mtazame macho. Kila jicho huzunguka kivyake: moja laweza kuchungulia nyuma huku lingine likipekua majani ya mbele. Akimwona nzi, macho yote mawili humgeukia. Kisha unakuja ulimi, na hapo ndipo hadithi ya uvivu inapovunjika. Ulimi wa kinyonga ukirushwa huzidi urefu wa kiwiliwili chake. Ndani yake kuna mfupa mwembamba, tishu zinazovutika na msuli unaozizunguka. Msuli huzivuta tishu zile kwanza, polepole, kama mtoto anavyovuta mpira wa manati. Zikiachiliwa, ulimi huruka kwa kasi ambayo msuli peke yake usingeweza kuitoa. Ncha yake ina ute mzito unaonata, na nzi amekwisha kunaswa kabla wewe hujapepesa jicho.

Tena ujanja huu unamfaa sana mkazi wa milima ya baridi. Misuli ya mnyama wa damu baridi hufanya kazi polepole hewa ikipoa. Mwaka 2010 wanasayansi wawili wa Marekani walionyesha kwamba kinyonga akipoa hadi nyuzi 15, ulimi wake hurudi mdomoni taratibu, lakini ukirushwa mbele kasi yake hupungua kidogo tu. Sasa fikirini asubuhi za Nyakalengija, ukungu ukiwa bado bondeni: wadudu wamezubaa kwa baridi, na mwindaji wao ana silaha inayofanya kazi.

Mnauliza kuhusu rangi. Tumezoea kumwita mtu asiyeaminika kinyonga, eti hubadilika kufuata anapokaa. Kwa kweli mabadiliko mengi ya rangi yake hufuata hali yake mwenyewe. Akisikia baridi huwa mweusi zaidi ili anywe joto la jua; akikasirika au akimtaka jike, hung'aa. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walichunguza aina moja ya kinyonga wa Madagaska na kukuta ngozini mwake kuna fuwele ndogo mno. Zikikaribiana hurudisha mwanga wa buluu, ambao ukichanganyika na umanjano wa ngozi tunaona kijani. Zikiachana, anageuka njano au mwekundu. Basi rangi yake ni kauli ya wazi kwa wenzake, wala si unafiki.

Liko na jambo la kuzaa. Watu wengi Afrika Mashariki huamini kwamba kinyonga akizaa tumbo hupasuka na mama hufa. Jike wa Mubuku hutaga mayai na kuyafukia udongoni. Lakini kinyonga wa Jackson, naye wa pembe tatu, anayeishi Mlima Kenya, huzaa watoto hai. Hudondoka mmoja mmoja wakiwa ndani ya utando laini, utando unapasuka, mtoto anatambaa. Nadhani aliyeuona kwa mbali utando ule ukipasuka ndiye aliyeanzisha uvumi. Mama hubaki mzima.

Huku chini tambarare, kuelekea mji wa Bwera, mtakutana na vinyonga wengine wasio na pembe, mara nyingi wakivuka barabara kwa mwendo wao uleule. Kinyonga hana sumu. Akifura na kufungua mdomo, anawatisha tu. Msimvute mkia wala mguu, maana ameshika kwa nguvu na mtamuumiza. Wekeni kijiti mbele ya kifua chake, mngoje apande mwenyewe, kisha mpelekeni kwenye kichaka cha upande ule aliokuwa anaelekea. Mkimrudisha alikotoka, ataanza kuvuka upya.