Kabla Hujalipia Mkokoteni wa Ng'ombe

Mkokoteni mpya hupendeza macho. Umepakwa rangi ya buluu, matairi yanang'aa, na muuzaji anasema, "Huu hata tani moja na nusu unabeba." Nawe umeuza ng'ombe ili upate fedha hizo. Basi, usitazame rangi. Inama chini, utazame ekseli.

Ekseli ni ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili. Mikokoteni mingi ya huku kwetu huundwa na mafundi wa kuchomelea, nao hutumia ekseli za magari makuukuu. Hilo si baya, maana ekseli ya gari ina nguvu. Ubaya ni pale fundi anapoona ekseli ni ndefu mno, akaikata katikati na kuiunga tena. Hapo katikati ndipo mzigo unapoikunja. Itakatika siku mkokoteni umejaa. Pitisha kidole chini ya ekseli, toka gurudumu moja hadi la pili. Ukigusa uvimbe wa kuchomelea, muulize fundi. Rangi nzito mahali pamoja nayo ni dalili.

Kisha upande mmoja uinuliwe kwa jeki au kwa gogo. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza na kugonga, beringi zimelika au nati imelegea. Lizungushe. Linatakiwa liende kimya. Likilia kama mtu anayesaga mtama juu ya jiwe, beringi hazina grisi au zimekwisha. Beringi ikivunjika njiani, gurudumu linaweza kuchomoka.

Haya, sasa matairi. Hapa wewe uliyejifunza kusoma umempita asiyejua. Ubavuni mwa tairi la gari pameandikwa, kwa mfano, 175/70 R13 82T. Ile 82 ya mwisho ni namba ya uzito. Siyo kilo 82! Maana yake tairi moja linabeba kilo 475. Likiandikwa 88, linabeba kilo 560. Kwa hiyo matairi mawili ya 82 hubeba kilo 950, na uzito wa mkokoteni wenyewe umo humo. Kama mkokoteni mtupu una kilo 200, mzigo wako ni kilo 750. Tani moja na nusu ya muuzaji iko wapi? Ni kweli ng'ombe huenda polepole, na tairi zima laweza kuvumilia zaidi. Lakini matairi tunayofungiwa ni yale yaliyokwisha choka kwenye magari.

Tafuta pia tarakimu nne zilizo ndani ya alama iliyo kama yai. Zikiwa 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa zamani hupasuka nyufa ndogondogo hata kama meno yake bado marefu.

Zamani mikokoteni ilibeba zaidi pamba na mahindi. Siku hizi Kiseke na vitongoji vyake watu wanajenga, na mkokoteni hubeba mchanga, tofali na mawe. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Chukua sanduku la mkokoteni lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha sentimeta 30. Likijaa mahindi yaliyopukuchuliwa ni kama kilo 430. Likijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 960. Mchanga uliolowa mvua huzidi hapo. Sanduku ni lilelile, macho hayaoni tofauti, ila matairi na ng'ombe wanaona. Kwa mkokoteni wetu ule wa kilo 750, chora mstari wa rangi ndani ya sanduku, sentimeta 20 toka chini. Mchanga usipite mstari.

Jambo jingine ni mahali ekseli ilipofungwa. Pakia magunia mawili ya mahindi katikati ya sanduku, halafu inua ncha ya ule mti wa mbele unaofika kwenye nira. Iwe na uzito kidogo, kiasi cha ndoo moja ya maji. Ikiwa nzito sana, shingo za ng'ombe zitapata vidonda. Ikipanda juu yenyewe, usinunue. Mkokoteni wa namna hiyo ukipanda mlima, mzigo huulalia nyuma, mti wa mbele hunyanyuka na nira, na ule ukanda wa chini ya shingo huwakaba ng'ombe koo. Nimewahi kuona dume likikabwa hivyo, na mwenyewe akihangaika kutafuta panga la kukata ukanda. Aliwahi, lakini kidogo tu.

Je, breki? Wengi huniambia, "Mwalimu, ng'ombe ndio breki." Hapana. Vilima vyetu hivi vya mawe unavijua. Wakati wa kuteremka, mzigo husukuma ng'ombe kwa nyuma. Wakishindwa kuuzuia watakimbia, na anayewaongoza kwa mbele mara nyingi ni mtoto. Mwambie fundi aweke gogo lililopigiliwa mpira wa tairi kuukuu, libanwe kwenye magurudumu yote mawili kwa mkono wa chuma. Gharama yake ni ndogo. Mtoto asitembee mbele ya mkokoteni uliojaa kwenye mteremko, hata kama breki ipo. Na nyuma funga vile vibao vyekundu vinavyorudisha mwanga wa taa, maana lori la usiku halisikii kengele ya ng'ombe.

Mkikubaliana bei, mwandikiane karatasi mbili, moja yako na moja ya fundi. Andikeni fedha iliyotolewa, tarehe, namba za matairi, kama beringi ni mpya au za zamani, na muda ambao fundi atatengeneza bure kikiharibika kitu. Andikeni pia kwamba ekseli haikuungwa. Kila mtu aweke sahihi yake. Fundi akikataa kuandika hilo la ekseli, inama tena uitazame.