Metformini: dawa iitwayo mla sukari

Mama mmoja jirani yetu, mwenye ugonjwa wa sukari, aliniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. «Mwanangu, tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni. Chai nakunywa bila sukari. Sasa hii sukari wanayoikuta asubuhi katika damu yangu inatoka wapi?»

Inatoka katika ini lake mwenyewe. Ubongo wa mtu hutumia karibu gramu 120 za glukozi kwa siku, na usiku haungoji mtu aamke akapike. Kwanza ini hutoa sukari ya akiba. Kisha hutengeneza mpya kwa vitu ambavyo si sukari: asidi laktiki ya misuli na ya chembe nyekundu za damu, gliseroli ya mafuta, asidi amino za protini. Kazi hiyo huitwa glukoneojenesi, neno lililoungwa kwa mizizi mitatu ya Kigiriki: tamu, mpya, kuzaliwa. Hilo ni jina linalosema kweli.

Kwa mwenye afya, insulini huliambia ini lipunguze kazi. Kwa mgonjwa wa aina ya pili, ini hulisikia agizo hilo kwa shida, likaendelea kutengeneza sukari ilhali damu imekwisha kujaa.

Metformini inafanya kazi hapo. Daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957, akaipa jina Glucophage, yaani mla sukari. Sisi tunaosoma lugha tuna haki ya kulalamika, kwa sababu dawa hii haili sukari yoyote. Mtu akiliamini jina, atadhani kidonge kinangoja utamu wa chakula, na siku asiyokula kitamu atakiacha. Yule mama alikuwa akifanya hivyo hasa.

Dawa ikitoka tumboni hufika kwenye ini, ikaingia ndani ya seli hadi mitokondria, mahali pa kutengenezea nishati. Huko hupunguza kasi ya hatua ya kwanza ya upumuaji wa seli. Nishati iitwayo ATP inapungua, na mabaki yake, AMP, yanaongezeka. Sasa, kuunda molekuli moja tu ya glukozi kutoka laktati mbili kunagharimu vipimo sita vya nishati. Ini lililopungukiwa haliwezi kulipa kama zamani. Tena AMP yenyewe huzuia kimeng'enya kimoja cha kazi hiyo, na hudhoofisha agizo la glukagoni, homoni inayolihimiza ini kutoa sukari. Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi yenye uzito zaidi kwa dozi za kawaida.

Kwa kuwa dawa inapunguza kazi ya ini bila kuifunga, wala hailisukumi kongosho litoe insulini, ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Hatari yake iko kwingine. Metformini hutoka mwilini kwa mkojo, bila kubadilika. Mafigo yakiwa dhaifu sana, dawa hujikusanya, na laktati ambayo ini limeacha kuitumia inaweza kuitia damu uchungu wa asidi. Ndiyo maana daktari huagiza kupima mafigo.

Nilipomweleza yule mama, aliuliza jambo moja tu: kama anaweza kumeza kidonge pamoja na bukari ya jioni. Nikamwambia ndiyo, chakula hupunguza kichefuchefu.