Kwa Nini Gurudumu Hulegea Ingawa Limebanwa?

Baiskeli ni mashine inayofahamika kwa karibu kila mwanafunzi wa shule zetu, na labda kwa sababu hiyo huchunguzwa kidogo sana. Mwanafunzi hujifunza Kanuni ya Hooke kwa kutundika mawe ya mizani kwenye springi, kisha hupanda baiskeli kurudi nyumbani bila kutambua kwamba usalama wake njiani unategemea kanuni hiyo hiyo. Katika makala haya tutachunguza hitilafu moja tu: gurudumu la mbele linalocheza ndani ya uma ingawa limebanwa kwa nguvu zote. Hitilafu hii si ndogo. Gurudumu likichomoka baiskeli ikiwa katika mteremko, mwendeshaji huanguka kifudifudi, wala breki haziwezi kumsaidia.

Aina mbili za ekseli

Baiskeli nzito za chuma zinazobeba watu na mizigo Afrika Mashariki huwa na ekseli isiyo na tundu. Ncha zake mbili hutokeza nje ya uma, na kila ncha hukazwa kwa nati na spana. Hapa urefu wa ekseli si tatizo: ikizidi, ncha hubaki ikichungulia nje ya nati bila madhara.

Aina ya pili huonekana katika baiskeli nyingi za mashindano na za milimani, zikiwemo zile zinazoletwa kwetu kama mitumba. Ekseli yake ina tundu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Ndani ya tundu hupita ufito mwembamba wa chuma, wenye kipenyo cha milimita 5 hivi. Upande mmoja wa ufito una wenzo, na upande wa pili una hesi na nati yake. Tutauita ufito wa kubania. Uvumbuzi huu unahusishwa na Tullio Campagnolo wa Italia, aliyekuwa mshindani wa mbio za baiskeli. Husimuliwa kwamba mwaka 1927, katika mbio za milimani wakati wa baridi kali, vidole vyake viliganda akashindwa kufungua nati za gurudumu lake.

Wenzo huo haukazwi kwa kuuzungusha kama bomba la maji. Shina lake lina umbo la duara ambalo mhimili wake haupo katikati. Wenzo unapogeuzwa kutoka upande wa kufungua hadi upande wa kufunga, duara hilo huuvuta ufito kwa nguvu kubwa kuliko ile ya mkono.

Nguvu hupita wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ekseli ya aina hii hukaa tu ndani ya mapengo ya uma. Kinachoshika gurudumu ni uma kubanwa pande mbili. Nje hubanwa na vichwa vya ufito, na ndani hubanwa na nati za ekseli. Msuguano wa nyuso hizo ndio unaozuia gurudumu kuteleza.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba ufito unavutwa kwa nguvu ya Newton 5,000. Eneo la mkato wa ufito wenye kipenyo cha milimita 5 ni milimita za mraba 19.6, kwa hiyo mkazo ni Newton 255 kwa kila milimita ya mraba. Moduli ya Young ya chuma cha pua au cha kawaida ni karibu Newton 200,000 kwa milimita ya mraba. Ufito wenye urefu wa milimita 120 utarefuka kwa milimita 0.15 tu. Ekseli nayo, ikiwa na eneo la mkato la milimita za mraba 40 na urefu wa milimita 100, itafupika kwa milimita 0.06 hivi.

Sasa tuseme ncha ya ekseli imetokeza nje ya uma kwa milimita 1. Kichwa cha ufito kitagota kwenye ncha hiyo kabla ya kuufikia uma. Wenzo utakuwa mgumu, na mkono utasadiki kwamba kazi imekamilika. Lakini chuma kinachofupika kwa sehemu chache za mia za milimita hakiwezi kuziba mwanya wa milimita nzima. Nguvu yote ya Newton 5,000 inaikandamiza ekseli, na uma haupati kitu.

Jinsi ya kupima

Lichomoe gurudumu, kisha pima mambo matatu kwa rula au, iwapo maabara ya shule inayo, kwa kalipa.

Kwanza, pima umbali kati ya nyuso za nje za nati za ekseli. Kwa gurudumu la mbele la aina hii, kipimo cha kawaida ni milimita 100, sawa na nafasi iliyo ndani ya uma.

Pili, pima unene wa uma mahali penye pengo, kila upande.

Tatu, pima kila ncha ya ekseli inavyotokeza nje ya nati yake. Kipimo hiki sharti kiwe pungufu ya unene wa uma, angalau kwa milimita 1.

Jihadhari na kosa moja. Ekseli yenye urefu wa milimita 110 itatokeza milimita 5 kila upande ikikaa katikati, nayo itafaa kwa uma wenye unene wa milimita 6. Lakini fundi akiifungua ili kutia grisi kwenye gololi, kisha akairudisha bila kupima, huenda ikatokeza milimita 3 upande mmoja na milimita 7 upande wa pili. Urefu wa jumla ni sahihi, lakini upande mmoja haubanwi. Tiba yake ni kulegeza nati na kuirudisha ekseli katikati. Ikiwa uma ni mwembamba, ncha zipunguzwe kwa tupa.

Hitilafu nyingine

Springi mbili ndogo zenye umbo la pia huvishwa kwenye ufito. Ncha zake nyembamba zielekee kwenye gurudumu. Zikigeuzwa, upande mpana huweza kukwama kati ya kichwa cha ufito na uma.

Nati ya ufito ishike hesi kwa mizunguko isiyopungua mitano. Wenzo uanze kuwa mgumu ukiwa nusu ya safari yake, na ukifungwa uache alama katika kiganja.

Iwapo gurudumu linazunguka kwa uzito baada ya kubanwa, kumbuka kwamba ekseli hufupika. Kufupika huko huzikaza gololi. Kwa hiyo fundi huacha mchezo kidogo sana kabla ya kubana, nao hutoweka wenzo ukifungwa.

Mwisho, ekseli ya mbele yenye tundu huwa na kipenyo cha milimita 9, ilhali uma nyingi za baiskeli nzito hutengenezwa kwa ekseli ya milimita 8. Si busara kuchonga uma ili gurudumu lisilo lake liingie, kwa maana chuma kinachoondolewa ndicho kinachobeba mzigo.

Kazi kwa wanafunzi

Walimu wanaweza kuligeuza somo hili kuwa jaribio. Kila kundi lichukue baiskeli moja yenye ufito wa kubania, liandike vipimo vitatu vilivyotajwa, na kukadiria nguvu ambayo uma wake unapata. Baiskeli itakayoonekana kuwa na ekseli iliyopita uma isipandwe mpaka itengenezwe, hata kama mwenyewe anasema ameipanda hivyo kwa miaka mingi.