Maji Yatokayo Mwambani



Kwenu walimu na viongozi wa vijana wa Kitengela na Kajiado, leo ninawashauri safari moja: kwenda Nolturesh, karibu na Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Nyumbani vijana wameyazoea maji ya bomba, ya lori na ya mkokoteni wa punda. Huko watayaona yakitoka ardhini yenyewe, baridi na maangavu.

Yametoka wapi? Mvua inyeshayo juu ya mlima ule, ambao Wamaasai huuita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe, haitelemki yote mitoni. Nyingi huzama. Mawe ya mlima yalitoka katika volkano yakiwa moto, yakapoa na kupasuka. Maji hupita katika nyufa hizo mpaka yapate mlango wa kutokea. Mlango huo ndio chemchemi.

Penye mawe ya chokaa, kama yale yachimbwayo Kajiado kwa kutengeneza saruji, njia ni nyingine. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni udongoni, yakapata ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka huila chokaa hata kufanya mapango, kama yale ya Shimoni kule pwani.

Lakini hatari ni moja. Penye mchanga maji huchujwa polepole. Penye nyufa na mapango hupita upesi, na uchafu hupita pamoja nayo. Choo kilichochimbwa juu, au dawa ya shambani, huweza kufika katika kikombe cha mtu aliye mbali asiyejua lolote.

Tena, wengi hudhani chemchemi hizi hulishwa na barafu ya kileleni. Wataalamu waliopima wameona kwamba maji mengi ni ya mvua ya msituni. Basi akataye msitu hukata kamba ya ndoo ya jirani yake.

Na jirani ni nani? Bomba lililojengwa zaidi ya miaka 30 iliyopita huyapeleka maji ya Nolturesh hata Sultan Hamud, Kajiado, Kitengela na Machakos. Hata hivyo mifereji ya Kitengela hukauka mara nyingi, na visima virefu vingi vya Kajiado vina madini ya floraidi yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Huko njiani mfugaji mwenye ng'ombe wenye kiu hulitazama bomba likimpita. Akilitoboa, mtu wa mjini humwita mwizi. Naye humwona wa mjini kuwa ndiye mwizi.

Isaka aliyajua mambo hayo. Katika Mwanzo 26 twasoma kwamba Wafilisti walivifukia visima vya baba yake, na wachungaji wa Gerari wakagombea visima vipya alivyochimba. Hakupigana. Aliendelea kuchimba hata akapata kisima kisicho na ugomvi, akakiita Rehobothi, maana yake nafasi.

Nasi tuwafanyie wengine nafasi. Tuvune mvua kwenye bati la kanisa. Tupande miti ya asili. Tusichimbe choo karibu na kisima. Na tunapoomba maji yafike mjini, tuombe pia birika la mifugo kando ya bomba.

Vijana wakirudi, waulizeni: Nani anakunywa baada yetu?

Tuombe. Bwana, uliyeyaficha maji mwambani, utufundishe kuyapokea kwa shukrani na kuyapitisha yakiwa safi. Amina.