Sarafu za Kale Kabatini, Ada ya Shule Mlangoni

Wamo miongoni mwa waumini wetu watu wenye mapenzi makubwa na sarafu za kale. Mmoja hutafuta pesa za shaba za Sayyid Barghash, mwingine riale za fedha, mwingine senti za tundu za enzi za Mwingereza. Si walevi, si wacheza kamari, wala si watu wa kukesha vijiweni. Jioni huketi na kitambaa chini ya taa, wakigeuza kipande kimoja baada ya kingine na kusoma maandishi yake. Kwa anayetazama kutoka nje, hii ni starehe safi isiyo na madhara. Hata hivyo, katika kazi yetu ya kamati ya msikiti tumeona kuwa starehe hii, ikiachwa bila mpaka, huweza kuitikisa ndoa sawasawa na yale mambo tuliyozoea kuyakemea juu ya mimbari.

Makala hii haikusudii kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu (SW). Inakusudia kusema jambo moja tu: sarafu hizi ni mali, na kila mali katika Uislamu ina haki zake. Mwenye kuzitekeleza haki hizo atakusanya kwa raha, na nyumba yake itakuwa na amani. Ama anayezichukulia kuwa mchezo wake binafsi usiomhusu mtu mwingine, huyo ataidhulumu familia yake huku akidhani kuwa hajafanya kosa lolote.

Mvuto wake si wa kubezwa

Tuwe waadilifu kwanza. Anayezipenda sarafu za pwani yetu anapenda historia ya watu wake. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao na sifa za Mwenyezi Mungu, karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko. Pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882 Miladia, ina picha ya mizani upande mmoja. Hata neno "hela" tunalolitamka kila siku limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani. Tangu mwaka 1904 rupia yao moja iligawanywa katika heller 100. Na mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani hao walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, zikiwa na picha ya tembo na mlima nyuma yake.

Mtu anayeyajua haya na kuwasimulia wanawe ana elimu nzuri mkononi. Tatizo huanza pale elimu inapogeuka shauku ya kumiliki. Kipande kimoja huita cha pili, na seti iliyopungukiwa na mwaka mmoja humnyima mwenyewe usingizi. Hapo ndipo bei hukoma kuulizwa, na mwenye kuuza hujua kuwa mteja ameshanasa.

Shauku pia hupofusha. Chukulia riale ya Maria Theresa, ile fedha nzito iliyotumika sana Zanzibar na pwani yote. Imeandikwa mwaka 1780, na wapo wanaoinunua kwa bei kubwa wakidhani ina umri wa zaidi ya miaka 200. Ukweli ni kwamba mwaka huo umeendelea kuandikwa juu ya kila riale ya aina hiyo tangu wakati huo, na kiwanda cha sarafu cha Vienna kinaipiga hata leo. Tarehe peke yake haithibitishi ukale wake.

Daftari la sarafu, nyumba bila daftari

Tunasimulia kisa kimoja kwa idhini ya wenyewe, na bila ya kuwataja. Mwanzoni mwa muhula wa shule alifika mbele ya kamati mke wa muumini mmoja, mwalimu kwa kazi yake. Mtoto wao alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mama huyu, ambaye huuza vitumbua asubuhi, alichukua zamu yake ya upatu, shilingi 180,000, akazitoa zikiwa ni mkopo kwa mumewe ili mtoto arudi darasani. Siku chache baadaye, akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto juu ya kabati, aliteremsha kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na sarafu zilizofungwa moja moja kwa karatasi, na daftari lenye orodha ya kila kipande, tarehe ya kununuliwa na bei yake.

"Ustadhi," alimwambia Imamu wetu, "sarafu hazikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba kila nilipomuuliza aliniambia mkono mtupu, nami nikamwonea huruma."

Mume alipoitwa hakukana. Alisema kuwa ni mshahara wake, kwamba hajawahi kuwalaza watoto na njaa, na kwamba sarafu zile ni akiba ya baadaye. Tulimwomba alete daftari lake tulijumlishe pamoja. Kwa miaka miwili alikuwa ametumia zaidi ya shilingi milioni moja na laki sita. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujumlisha. Kila kipande alikiona kidogo kiliponunuliwa, na haba na haba ikajaza kibaba kwa upande usiotakiwa. Imamu akamuuliza swali moja: "Daftari la matumizi ya nyumba liko wapi?" Halikuwapo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa la sarafu. Nyumba haikuwa nalo.

Haki ya kwanza: nafaka

Nafaka ya mke na watoto ni wajibu wa mume, kwa kiasi cha uwezo wake. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa katika Suratut Talaaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atumie kwa wasaa wake na aliyebanwa atumie katika kile alichopewa. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (SAW) alilinganisha dinari inayotolewa katika njia ya Allah, inayomkomboa mtumwa, anayopewa maskini, na inayotumika kwa familia, akabainisha kuwa yenye ujira mkubwa zaidi ni hii ya mwisho. Tizama basi: hela ya ada ya mtoto ina thamani mbele ya Mola wake kuliko hela yoyote inayolala ndani ya kopo.

Kauli ya "ni mshahara wangu" ina ukweli ndani yake, lakini haikamiliki. Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume (SAW) kuwa mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha yeye na wanawe, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa mujibu wa ada njema. Maana yake ni kwamba mali ya mume imebeba haki ya wengine kabla ya kufikia matamanio yake. Na kwamba watoto hawakulala na njaa si kipimo cha kutosha, maana mavazi, makazi, matibabu na elimu yao navyo vinataka fungu lao.

Suratul Furqaan, aya ya 67, inawasifu waja wasiofanya ubadhirifu wala ubahili, bali wanaosimama katikati. Mkusanyaji wa siri huweza kuangukia pande zote mbili kwa siku moja: mbadhirifu dukani kwa muuza sarafu, bahili jikoni kwake.

Haki ya pili: zaka

Hapa wengi wameghafilika. Mapambo ya dhahabu anayovaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida hayana zaka kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu. Lakini sarafu ya dhahabu au fedha iliyowekwa ndani ya kopo si pambo. Ni dhahabu, ni fedha, na nia ya kuipenda haiiondolei zaka.

Nisabu ya fedha ni dirham 200, takriban gramu 595. Ya dhahabu ni mithqali 20, takriban gramu 85. Riale moja ya Maria Theresa ina gramu 23.4 hivi za fedha halisi. Kwa hiyo mwenye riale 26 zilizotimiza mwaka wa Hijria amefikia nisabu kwa riale hizo peke yake, na zaka yake ni robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5. Shilingi za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1921 na 1946 zina robo tu ya fedha, nazo huhesabiwa fedha halisi iliyomo. Zahitajika zaidi ya 300 kuifikia nisabu. Pesa za shaba hazina zaka zikiwa ni za kuwekwa tu. Ama akizinunua kwa nia ya kuuza na kupata faida, hizo ni bidhaa, na bidhaa ina zaka ya biashara kwa bei ya soko. Anayesema "hii ni akiba ya baadaye, nitaiuza" na aitazame vyema nia yake, kisha amuulize mwanachuoni.

Haki ya tatu: biashara safi

Wapo wauzaji wanaotoa sarafu za dhahabu na fedha kwa mali kauli: chukua leo, lipa mwisho wa mwezi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanakataza, kwa sababu dhahabu na fedha zinapobadilishwa kwa pesa hutakiwa kupokezana papo kwa papo, mkono kwa mkono. Mbali na hukumu hiyo, deni la starehe ni mzigo usio na sababu kwa mtu mwenye watoto.

Pia ipo sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba au kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji leseni. Anayeletewa sarafu ya Kilwa iliyochimbwa usiku asiione kuwa ni bahati. Hiyo ni amana ya umma, na mahali pake ni makumbusho.

Haki ya nne: warithi

Mtume (SAW) aliwausia waumini kwamba aliye na kitu cha kuusia asipitishe masiku mawili bila wasia wake kuandikwa. Mwenye sarafu za thamani ambazo hakuna anayezijua nyumbani amewaandalia warithi wake hasara. Mjane hatajua kilichomo ndani ya kopo. Kijana atakipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kupimiwa kwa kilo. Au atazuka mtu akidai kuwa kipande fulani ni amana yake, na hakuna wa kumkanusha. Mirathi hugawanywa baada ya kulipwa madeni, na haiwezi kugawanywa kwa uadilifu ikiwa imefichwa. Daftari la yule mwalimu, kwa hakika, lilikuwa jambo jema. Kosa lilikuwa kulifungia pamoja na sarafu.

Neno kwa akina mama

Mke asizitupe wala asiziuze sarafu za mumewe kwa hasira. Hiyo ni mali ya mtu, na dhuluma haiondolewi kwa dhuluma nyingine. Amkabili kwa maneno mema, na akishindwa awashirikishe wazee wa pande mbili kabla jambo halijawa kubwa. Vilevile ajitazame: kabati la vyombo vya kioo visivyoguswa, au kanga zilizokunjwa dazeni kwa dazeni, nazo ni mkusanyo. Ni kweli kwamba mali ya mke ni yake, na mume hana haki ya kuichukua. Lakini ubadhirifu umekatazwa kwa wote.

Walivyosuluhishwa

Mwalimu yule aliuza riale chache, akamrudishia mkewe shilingi zake 180,000, na kilichobaki kikalipia muhula uliofuata. Pesa za shaba akabaki nazo. Wawili hao wakakubaliana utaratibu ambao tunaupendekeza kwa kila nyumba: mshahara ukiingia, kwanza hutengwa chakula, kodi, ada na madeni, kisha akiba ya maradhi, kisha sadaka, hata ikiwa ndogo. Kinachosalia hugawanywa, na kila mmoja huwa na fungu lake la kutumia apendavyo bila kuulizwa. Wao waliafikiana shilingi 20,000 kila mmoja. Mwezi usio na masalio, hakuna sarafu. Na kila kipande kinachoingia nyumbani huonekana na wote wawili, na huandikwa katika daftari moja, upande mmoja matumizi ya nyumba, upande wa pili sarafu.

Mke ametuambia kuwa sasa yeye ndiye anayewasomea watoto herufi za Kiarabu zilizo juu ya pesa ya Barghash.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultan Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, mtu wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Anasimulia kuwa siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akaenda kubadili na kumpa. Jina la Sultani huyo limo juu ya sarafu ambazo wakusanyaji wanazitafuta leo kwa hamu. Anayelipenda jina lake na apende pia kuufungua mkono wake, akianza na wale aliowakabidhiwa na Mola wake chini ya paa lake. Wabillahi tawfiq.